Sahani tano za Waitaliano, brazero mbili za nyumba moja

Jumatano iliyopita, mwishoni mwa habari za mitaa, nilisema hewani kwamba Jumapili nyumbani kwangu tutakula kwa mtindo wa Waitaliano, sahani moja baada ya nyingine, na kwamba tutakuwa watu 14. Nilisema kama mzaha wa kufunga kipindi. Simu zikaanza. Mmoja aliomba anwani. Mama mmoja wa Panzi alitaka kujua kama Waitaliano wanakula sombe. Na mtu mwingine, ambaye sauti yake ilionyesha wazi kwamba hacheki, aliniambia hivi: "Sisi huku tunakula mara moja kwa siku, na wewe unatutangazia sahani tano?"

Swali lake ni la haki, na nilimwahidi nitamjibu. Nitamjibu kwa hesabu. Ila kwanza nieleze chakula hicho kilifikaje kwangu, maana mimi Ulaya sijakanyaga.

Mama yangu, marehemu, alipika miaka mingi jikoni kwa mapadri Wasaveriani. Shirika lao lilianzishwa na Guido Maria Conforti katika mji wa Parma, Italia, mwaka 1895, na katika Kivu yetu wapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Watu wa Uvira, Baraka na Fizi wanawajua vizuri. Agosti 2024 Uvira ilijaa watu, wale waliouawa Baraka na Fizi mwaka 1964 walipotangazwa wenyeheri. Lakini leo sisemi habari za dini, nasema za jikoni. Parma ni mji wa watu wanaopenda kula vizuri, na mapadri walipokuja huku hawakuacha tumbo lao nyuma. Mama alijifunza kwa kuangalia na kwa kukaripiwa. Kusoma hakujua, vipimo alivihesabu kwa vidole. Nyumbani alitufundisha mpangilio kama katekisimu: antipasto, primo, sekondo na kontorno yake, fromaji na tunda, dolche, kafe. Sisi watoto tulifikiri ni majina ya wazungu wenyewe.

Jumapili ile ilitimia miaka mitatu tangu tumzike. Kawaida kwetu siku ya ukumbusho watu wanapika mchele na nyama, wanasali, wanakula, wanarudi. Bibi yangu ndiye aliyesema: "Huyu mama alipikia watu wengine chakula hiki maisha yake yote na hakuwahi kukaa akapakuliwa. Tukile sisi, kwa jina lake." Sikuwa na neno la kupinga.

Sasa, tofauti na sisi iko wapi? Sisi tunaweka yote mezani pamoja: bugali, sombe, samaki, pilipili, kila mtu anavuta kwake. Waitaliano, siku ya Jumapili au ya sikukuu, wanaleta kimoja kimoja. Antipasto ni kitu kidogo cha kufungua tumbo. Primo ni pasta, au mchele, au supu. Sekondo ni nyama au samaki, na pembeni yake mboga, ndiyo kontorno. Baadaye fromaji na matunda, kitu kitamu, halafu kafe. Siku za kazi wengi wao hawana muda huo, wanaishia kwenye sahani moja kama sisi. Tena kila sahani ni ndogo. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wakisikia sahani tano wanaona sufuria tano zilizojaa. Mama alikuwa anasema wazungu wake wanakula kama ndege, lakini ndege asiyeondoka kwenye mti.

Hesabu yenyewe ni hii, kwa yule bwana wa simu. Unga wa ngano kilo moja na nusu, mayai manane, nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ya kusaga, sambaza sahani tatu za soko, nyanya, vitunguu, karoti, seleri, mikate, unga wa mahindi, kipande cha fromaji ya Masisi, kafe, na makala. Sungura wawili walitoka kwenye kibanda chetu wenyewe. Yote pamoja dola 24 kwa watu 14. Tangu benki zifungwe mwezi wa Februari 2025, kila mtu Bukavu anajua dola moja inavyotafutwa, na hizo 24 tulizikusanya kwa wiki nyingi. Lakini Noeli ya mwisho mchele na kuku vilitugharimu zaidi, na watu walikuwa wachache. Fromaji ndiyo ilikuwa ghali. Kuhusu hiyo nitarudi.

Kabla ya meza, niseme watu. Sisi ni sita: mimi, bibi yangu na watoto wanne. Tangu mwanzo wa 2025 tuna wageni saba katika vyumba viwili vya nyuma: mama mmoja wa Masisi, watoto wake watano, na mama mkwe wake ambaye macho yamedhoofika. Walikimbia mara tatu. Kutoka milimani hadi Sake, kutoka Sake hadi Minova, kutoka Minova kuja kwetu, na vita vikawafuata hata hapa. Mume wake alibaki nyuma kwa ajili ya ng'ombe, na habari zake zilikatika. Wa 14 alikuwa mzee jirani, fundi viatu, ambaye alimheshimu sana mama yangu.

Huyu mama wa Masisi hapendi neno "deplase". Anasema hilo ni neno la karatasi za kugawa maharagi. Na tangu wafike, nyumba yetu ina brazero mbili. Bibi yangu akipika kwa wote, yeye anashukuru, anawapa wakwe na watoto kidogo, halafu jioni anawasha ya kwake kwenye kona ya uwanja, anapika sufuria ndogo, anakula huko amegeuza mgongo. Alifulia watu nguo Nguba, akauza makala ya rejareja, alimradi asile cha mtu. Bibi yangu iliwahi kumuuma. Alidhani chakula chake kinadharauliwa. Mimi nadhani ni ile methali tuliyomezeshwa sote, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: yeye alijipa jembe mwenyewe kabla hatujalitafuta. Basi miezi saba tuliishi hivyo, nyumba moja, moshi wa pande mbili, bila ugomvi na bila kukaa pamoja hata mara moja.

Jumamosi usiku tulianza na mchuzi wa nyama, ule wanaouita ragù. Siri yake ni subira, na subira huku inaitwa makala. Kitunguu, karoti na seleri vinakatwa vidogo sana, vinalainika kwenye mafuta polepole bila kuungua. Nyama inafuata mpaka maji yake yakauke, halafu maziwa kidogo, halafu nyanya. Baada ya hapo moto unapunguzwa mpaka mchuzi unatoa povu moja moja, kama mtu anayesinzia, kwa saa tatu. Tulifunika makala kwa majivu ili yasiishe. Nusu kilo ya nyama, mkilisha watu 14 mtindo wetu, ni vita ya vijiko. Katika mchuzi huu kila mtu anaipata na hakuna anayeihesabu.

Jumapili asubuhi, tagliatele. Kanuni ya watu wa upande wa Parma na Bologna ni yai moja kwa gramu 100 za unga. Kwa kilo moja na nusu ningehitaji mayai 15, na mayai 15 ni karo ya mtoto. Tuliweka manane na maji ya uvuguvugu. Hilo si kosa, maana kusini mwa Italia, kwa maskini wa zamani, pasta ilikuwa unga na maji tu. Unakanda dakika kumi na tano mpaka unga uwe laini kama sikio la mtoto. Unauacha upumzike chini ya kitambaa. Halafu unautandaza. Mama alikuwa na mti mrefu wa kutandazia. Huo ulipotea, tukatumia chupa tupu za Primus. Watoto, wetu na wao, walipanga foleni ya kutandaza. Unga unatandazwa mpaka uone mkono wako nyuma yake, unakunjwa, unakatwa kwa kisu utepe utepe. Kufikia saa tano vitanda vyote vya nyumba vilikuwa vimefunikwa kwa mashuka safi na tepe za unga juu yake. Bibi mkwe, ambaye haoni vizuri, alizipapasa akauliza nani ametandika kamba kitandani.

Meza ilikuwa milango miwili juu ya kreti za bia, chini ya mti wa avoka.

Antipasto ilikuwa mkate uliochomwa juu ya makala, ukasuguliwa kitunguu saumu, ukapakwa nyanya zilizokatwa, na sambaza za kukaanga zilizopitishwa kwenye unga. Mtu asiniambie sambaza si za Italia. Watu wa maziwa ya kaskazini kule, kama Ziwa Como na Garda, nao wanakaanga samaki wao wadogo na kuwala na kichwa chake. Na sambaza wenyewe ni wageni huku: waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, yaani walifika wakati mmoja na Wasaveriani, na leo nani atawaambia warudi Uvira?

Aliyekaanga ni mama wa Masisi. Bibi yangu alimwomba, akijua kwamba kumwambia "njoo ukae" atakataa, na kumwambia "nisaidie" hawezi kukataa. Alikaanga vizuri, akapeleka sahani mezani, akarudi kusimama karibu na moto. Alikula sambaza wawili akiwa amesimama. Hatukusema kitu.

Ikaja primo. Pasta mbichi haitaki muda, dakika tatu katika maji mengi yenye chumvi, inatolewa, inachanganywa na mchuzi moto moto. Kimya kikaingia mezani, kile kimya kizuri. Watoto waliikunja kwenye uma kwa shida, mmoja akaacha uma akatumia mkono, na hakuna aliyemkemea. Waitaliano wana tabia moja ambayo mama aliipenda sana: sahani ikiisha wanachukua mkate wanafuta mchuzi mpaka sahani iwe kama imeoshwa. Wanaita kitendo hicho "kiatu kidogo". Fundi viatu wetu aliposikia hivyo akasema hatimaye kuna watu duniani wanaoheshimu kazi yake. Mama wa Masisi alikula sahani yake ameketi kwenye kigoda, hatua tatu kutoka mezani. Nilizipima kwa macho.

Kati ya sahani na sahani kuna nafasi. Hili sikulitegemea. Kwetu chakula kikiisha watu wananawa na kutawanyika. Hapa huwezi kutawanyika, kwa sababu kuna kitu kinakuja. Mnabaki mnaangaliana, na lazima mtu aongee. Watoto wakaanza kuuliza habari za bibi yao, alikuwaje, alipigwaje marufuku kuingiza pilipili katika jikoni la mapadri na bado akaingiza. Mzee akasimulia. Bibi mkwe naye akasimulia harusi yake, milimani, na maziwa yaliyokunywewa siku ile. Bintiye wa mwanawe, wa miaka kumi na mmoja, alisema hakuwahi kuisikia hadithi hiyo.

Mzee alianza kuhangaika kidogo. Akaniinamia: "Mwanangu, nakushukuru, lakini bugali iko wapi?" Nikamwambia, papa, subiri.

Kwa maana sekondo ilikuwa sungura na polenta, na polenta ni nini kama si bugali ya mahindi? Mahindi yalitoka Amerika, yakafika Italia kama yalivyofika kwetu, na watu wa kaskazini ya nchi ile wakayashika kwa mikono miwili. Wao wanaikoroga ikiwa laini kuliko yetu, kwa dakika 40 na zaidi, halafu wanaimwaga juu ya ubao mkubwa katikati ya meza. Si hadithi ya furaha tupu. Katika karne ya 18 na ya 19 maskini wa kule walikula polenta peke yake, mwaka mzima, na wakapata ugonjwa wa pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharibika, akili inapotea, mtu anakufa. Wengi waliona ni laana. Ilikuwa ukosefu wa chakula kingine, maharagi, nyama, maziwa, mboga. Nilipowaeleza hivi mezani, mama wa Masisi alisema kutoka kigodani: "Kumbe hata wazungu waligawiwa unga peke yake." Watu wakacheka, yeye kwanza.

Polenta aliikoroga yeye, na ilipomwagwa juu ya mlango ule, ikiwa ya njano na yenye mvuke, ilibidi mtu aigawe kabla haijaganda. Kuigawa ukiwa mbali haiwezekani. Alivuta kigoda akakaa. Sungura walikuwa wamepikwa na romarini, kitunguu saumu na ndimu, na kontorno ilikuwa lengalenga. Mzee alichukua mara tatu.

Halafu fromaji.

Nimesema ilikuwa ghali. Ya Parma yenyewe, Parmigiano-Reggiano, hatukuiota hata kwa ndoto: gurudumu moja linakula zaidi ya lita 500 za maziwa na linalazwa angalau miezi 12 kabla ya kuuzwa. Nilinunua ya Masisi, ile ya duara tunayoijua wote, ambayo mapadri wa Kizungu waliwafundisha wafugaji wa milima ile na ambayo inafanana na Gouda ya Uholanzi. Niliinunua kwa sababu mama yangu akikosa ya kwao aliikausha hii na kuikwaruza juu ya pasta, na mapadri hawakulalamika. Sikuwa nimefikiria zaidi ya hapo.

Niliiweka mezani. Mama wa Masisi aliitazama, akaichukua bila kuomba, akaibonyeza kwa kidole gumba, akainusa upande wa ganda. "Hii hawakuigeuza," akasema. "Imelala upande mmoja. Ona, huku kumelowa." Kisha akaeleza, na kwa miezi saba sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo. Maziwa ya asubuhi yanachujwa yangali na joto la ng'ombe. Yanatiwa prezuri, ile dawa ya kugandisha inayotoka tumboni mwa ndama. Yakiganda yanakatwa vipande kama punje za mahindi, maji yanatolewa, ndama na nguruwe wanayanywa. Inaingia kwenye umbo, inawekewa jiwe, inalala katika maji ya chumvi, halafu inapanda kwenye mbao na kila siku lazima igeuzwe, kila siku, hata siku ya msiba. Lita kumi za maziwa, kilo moja ya fromaji. Yeye ndiye aliyekuwa anageuza. Mume wake alikamua.

Binti yangu mdogo akamuuliza kama walikuwa wanaila kila siku. Akasema hapana, ilikuwa ya kuuza Goma, ndiyo iliyolipa shule. "Tuliila ile iliyopasuka."

Halafu akakata. Alikata mwenyewe, vipande 14 vinavyolingana kabisa, akampa mama mkwe wake wa kwanza, mkononi. Bibi mkwe alitafuna polepole akasema jina la kilima chao. Mtoto mkubwa, kijana wa miaka kumi na mitano, aliondoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Mzee akamfuata, wakarudi pamoja baada ya muda. Ndizi na maracuja tulikula baadaye bila kusema sana. Dolche tuliiruka, sukari ilikuwa ya kafe.

Kafe niliipika katika mashine ya mama, ile ndogo ya alumini yenye pembe nane ambayo Alfonso Bialetti alianza kuitengeneza mwaka 1933. Padri mmoja alimwachia akirudi kwao. Maji chini, kafe katikati, mvuke unasukuma juu. Kafe yenyewe ni ya kwetu, ya Kalehe. Tunaotoka kando ya ziwa tunakumbuka miaka ambayo kafe hii ilivushwa usiku kwa mitumbwi ili ikauzwe ng'ambo, na wangapi walizama nayo. Kikombe kimoja kidogo kwa kila mkubwa, na watoto wakachovya vidole. Giza lilikuwa linaingia tulipotoa milango juu ya kreti na kuirudisha kwenye bawaba zake.

Jumatatu asubuhi mama wa Masisi aliwasha brazero yake kwenye kona yake, kama kawaida. Bibi yangu aliona, akanyamaza. Lakini saa sita mtoto wao wa tatu alikuja mlangoni kwetu na kikombe: "Mama anasema mumpe chumvi." Kwa muda wote waliokaa hawakuwahi kumtuma mtoto kuomba kitu. Tulimjazia.

Jioni alikuja mwenyewe, na alikuwa na maswali. Maziwa yanayoshuka asubuhi kutoka Kabare na Walungu ni bei gani kwa lita yakichukuliwa kwa wingi? Nani mjini anauza prezuri? Chumba chetu cha chini, kile chenye ubaridi, kina mbao? Mbao zipo. Hayo mengine mimi sijui, ndiyo maana nayaandika hapa na nitayarudia Jumatano hewani. Anaanza na lita 20. Mwenye maziwa safi, yasiyotiwa maji, au anayejua prezuri inapatikana wapi, apige simu redioni au apite, aulize mama wa fromaji.